Ruta Mbili na Kebo Moja: Zoezi Linalosahau Umbali

Kama umepita kwenye kozi yoyote ya mitandao ya kompyuta hapa Tanzania, iwe chuo kikuu au chuo cha kati, zoezi hili unalijua. Unafungua Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Unaburuta ruta mbili, moja kushoto, nyingine kulia. Unaziunganisha kwa kebo ya siriali, ile nyekundu iliyojikunja kama radi. Unaweka anwani za IP. Upande mmoja unaandika `clock rate 64000`. Pande zote mbili unaandika `encapsulation ppp`. Ukitaka kuonekana umesoma zaidi, unaongeza CHAP na nenosiri. Halafu unapingi, zinatokea alama tano za mshangao, mwalimu anaweka tiki, mnaenda kunywa chai.

Leo nataka tulichambue zoezi hili kama watu wanavyochambua riwaya au filamu: linasema nini, linasemaje, na linanyamazia nini. Kwa wengi wetu hapo ndipo tulipokutana kwa mara ya kwanza na tabaka la pili la mtandao, yaani tabaka la kiungo, lile linaloshughulika na safari ya data kutoka kifaa kimoja hadi kifaa cha jirani yake. Na hoja yangu ni hii: kila amri iliyomo kwenye zoezi ni sahihi, lakini zoezi lenyewe linamjenga mwanafunzi ambaye akipelekwa mwambao wa Ziwa Tanganyika atashindwa kazi, kisha atalaumu umbali. Tatizo linaweza kuwa umbali kweli, ila siyo ule anaoufikiria yeye.

Kwanza, haki yake

Tusilionee. Zoezi hili lina mambo mawili mazuri.

La kwanza, linakuonyesha kwamba kiungo kina hali mbili tofauti. Ukiangalia poti ya ruta, unaambiwa kama waya upo hai, halafu kando yake unaambiwa kama protokali ipo hai. Waya unaweza kuwa mzima kabisa na mazungumzo yasiwepo. Mtu anaweza kupiga hodi mlangoni kwako kwa lugha usiyoijua: sauti umeisikia, lakini hujui amesema nini. Mwanafunzi akilishika hili, amepata kitu kitakachomsaidia maisha yake yote ya kazi.

La pili, linatenganisha mzigo na kifungashio. Pakiti ya IP ni mzigo. Fremu ya tabaka la pili ni kifungashio cha kipande kimoja cha safari. Watu wa Ujiji hawahitaji kitabu cha kigeni kulielewa hili. Katika karne ya 19 mzigo uliotoka ng'ambo ya ziwa ulivuka kwa chombo cha maji, ukateremshwa Ujiji, ukafungwa upya na kupanda vichwani na mabegani mwa wapagazi, ukapita Tabora hadi Bagamoyo. Mzigo ni uleule, ila kila kipande cha njia kina ufungaji wake na desturi zake. Neno `encapsulation` kwenye ruta halina maana nyingine zaidi ya hiyo: hapa, kwenye kipande hiki, tunafunga mzigo namna gani?

Mpaka hapo zoezi linastahili alama. Shida inaanzia kwenye namna linavyojibu swali hilo la ufungaji kabla mwanafunzi hajaliuliza.

Namba ambazo hakuna anayeziuliza

Chukua ile 64000. Nakuhakikishia wapo wahitimu wengi walioiandika mara ishirini bila kuambiwa imetoka wapi. Imetoka kwenye simu. Sauti ya mtu kwenye simu ya kidijitali hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8. Zidisha: biti 64,000 kwa sekunde. Ndiyo nafasi ya mazungumzo mamoja ya simu, na kampuni za simu zilipoanza kukodisha njia za data zilikata vipande kwa kipimo hicho hicho. Sentensi chache tu, na namba iliyokuwa kama hirizi inageuka kuwa historia inayoeleweka.

Au chukua `encapsulation ppp` yenyewe. Poti ya siriali ya ruta ya Cisco, usipoigusa, inatumia HDLC, tena HDLC ya Cisco wenyewe, iliyoongezewa sehemu ya kutaja aina ya protokali iliyobebwa ndani. Kwa hiyo ukiweka ruta mbili za Cisco na usiandike amri yoyote ya ufungaji, kiungo kinafanya kazi vizuri tu. Zoezi linakupa dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa hana. PPP ilikuja kutatua shida ya vifaa vya watengenezaji tofauti kuelewana, na sanifu yake, RFC 1661, ilitoka Julai 1994. Lakini kwenye zoezi vifaa vyote ni vya kampuni moja, kwa hiyo shida hiyo haionekani kabisa.

Kinachouma zaidi ni kwamba PPP ina kitu kizuri sana ndani yake, na zoezi linakificha. Kabla ya kubeba data yoyote, pande mbili zinajadiliana. Mmoja anasema: naomba tuweke ukubwa huu wa fremu, na hii hapa namba yangu ya bahati nasibu ili tujue kama waya umejirudia na najisikia mwenyewe. Mwenzake ana majibu matatu: nakubali, hilo nalielewa ila thamani hiyo sikubali, weka hii, au hilo silijui kabisa, liondoe. Wakishaelewana ndipo wanathibitishana utambulisho, na ndipo IP inaruhusiwa kupita. Ni karibu sawa na wazee wawili wanaopatana masharti kabla ya posa. Mwanafunzi anachoona ni neno moja tu: `up`.

Matokeo yake, mwanafunzi anajifunza kwamba mipangilio ya kiungo ni maneno ya kukariri. Hajifunzi kwamba kila mpangilio ni jibu la swali kuhusu waya, hewa au maji yaliyoko kati ya vifaa viwili. Na kwenye mchoro ule wa kioo, ukiisogeza ruta ya kulia mpaka mwisho wa skrini, au ukiibandika juu ya ile ya kushoto, matokeo ya ping hayabadiliki hata kidogo. Umbali haupo.

Eti Kigoma ni mbali

Sasa twende Kigoma. Kuna kauli utaisikia kwa wenyeji na wageni: mtandao wa huku ni wa shida kwa sababu huku ni mbali. Inasikika kama hekima. Hebu tuipime.

Kwa reli, Dar es Salaam hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Gawanya: milisekunde 6 na kitu kwenda, kama 13 kwenda na kurudi. Tuseme nyaya hazijanyooka, zinazunguka, umbali halisi ni mara mbili: bado ni milisekunde 25. Kupepesa jicho kunachukua zaidi ya milisekunde 100.

Na mji huu haujawahi kuwa nje ya njia za mawasiliano kama watu wanavyodhani. Waya wa telegrafu wa kampuni ya Cecil Rhodes, uliokusudiwa kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, ulifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20 na kuishia hapo hapo. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza 2009, nao umefika Kigoma. Kwa hiyo kilomita 1,250 za kutoka Dar, kifizikia, siyo kisingizio cha ukurasa kugoma kufunguka.

Umbali unaoleta shida ni mfupi zaidi. Ni ule wa mwisho: kutoka mjini hadi kijiji cha mwambaoni, hadi kituo cha utafiti, hadi zahanati ambayo njia yake ya kawaida ni boti.

Kilomita 16 za hewa

Hifadhi ya Gombe ipo kama kilomita 16 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ndiko Jane Goodall alikofika Julai 1960 kuanza kuchunguza sokwe, na hadi leo watu wengi hufika huko kwa boti kutokea Kibirizi. Chukulia, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba unataka kupeleka intaneti umbali huo kando ya ziwa kwa redio za Wi-Fi zenye antena kali, zile za kuelekeza upande mmoja. Chukulia pia kazi ya antena umeimaliza vizuri: minara ina urefu wa kutosha kuruka mviringo wa dunia, mionzi inayoakisiwa na maji umeizingatia, na masafa unayotumia yanaruhusiwa na TCRA. Ishara inasoma vizuri sana. Unapingi, inajibu. Unafungua ukurasa, unajikokota kama jahazi lisilo na upepo.

Kwa nini?

Wi-Fi kwenye tabaka la pili ina desturi ya hodi. Kila fremu inayotumwa kwa mtu mmoja lazima ijibiwe na uthibitisho mfupi, ambao kwenye mipangilio utauona umeandikwa ACK. Mtumaji anasubiri jibu hilo kwa muda uliopimwa kwa mikrosekunde. Lisipofika, anahesabu kwamba fremu imepotea na anaituma tena.

Sasa piga hesabu. Mawimbi ya redio hewani husafiri mita 300 kwa kila mikrosekunde. Kilomita 16 ni mikrosekunde 53. Kurudi, 53 nyingine. Jumla ni kama 107, kabla hujaongeza mikrosekunde 16 ambazo kipokezi kwenye masafa ya gigahezi 5 kinatakiwa kupumzika kabla ya kujibu. Sanifu ya Wi-Fi iliandikwa kwa ajili ya majengo. Kipimo chake cha msingi cha muda kwenye masafa hayo ni mikrosekunde 9, na katika mikrosekunde 9 wimbi linaweza kwenda na kurudi umbali wa kilomita 1.35 tu. Kifaa kilichotoka kiwandani na mipangilio ya kusubiri kwa kipimo cha nyumba kitachoka mapema mno.

Kinachotokea ni kama mgeni anayepiga hodi, anahesabu moja, mbili, kisha anapiga tena kabla mwenye nyumba hajanyanyuka mkekani. Fremu imefika salama. Uthibitisho upo njiani unarudi. Lakini mtumaji ameshakata tamaa na anatuma nakala ileile, kawaida hadi mara nne au saba kutegemea ukubwa wa fremu. Upande wa pili unapokea nakala, unagundua ni marudio, unazitupa. Hewa yote imejaa mzigo uleule unaobebwa mara nyingi. Hakuna kilichoharibika, na kiungo kinafanya kazi kwa sehemu ndogo ya uwezo wake.

Tiba yake ni mpangilio mmoja. Kwenye ruta zinazotumia OpenWrt kuna sehemu ya kuandika umbali kwa mita. MikroTik nao wana sehemu ya umbali kwenye mipangilio ya redio. Unaandika umbali halisi, unaongeza kidogo, basi. Usiongeze sana, kwa sababu fremu ikipotea kweli, mtumaji atakaa akisubiri jibu ambalo halipo na muda wa hewa unapotea kwa njia nyingine.

Unaona tofauti na `clock rate 64000`? Ile uliambiwa uandike. Hii huwezi kuiandika mpaka utoe ramani, upime, na ujue kasi ya mwanga. Swali limetangulia, mpangilio umefuata.

Na siyo mambo ya kubahatisha. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzao walichapisha kazi waliyoiita WiLDNet, kuhusu Wi-Fi ya masafa marefu kwa maeneo yasiyo na miundombinu. Walionyesha kwamba desturi ya kusubiri uthibitisho wa kila fremu haifai kwenye umbali mrefu, wakaibadilisha: vifaa vinapeana zamu kwa saa, na uthibitisho unatumwa kwa mafungu. Walipata kasi mara mbili hadi tano ya kile ambacho Wi-Fi ya kawaida ingeweza kufikia ikiwa kwenye hali yake bora. Teknolojia hiyo iliunganisha hospitali za macho za Aravind, India ya kusini, na vituo vya vijijini, ili mgonjwa azungumze na daktari kwa video bila kusafiri. Mwaka huohuo wa 2007, Ermanno Pietrosemoli na timu yake kule Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima kwa Wi-Fi umbali wa kilomita 382. Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kilomita 50. Fikiria hilo kidogo.

Baiti 8 zinazokwamisha ripoti

Mfano wa pili unaihusu PPP yenyewe, kwa sababu PPP haijafa. Imehama kutoka kwenye siriali na kuingia kwenye Etheneti, ikiitwa PPPoE, sanifu ya mwaka 1999. Watoa huduma wengi duniani wanaitumia kumtambua mteja kwa jina na nenosiri.

Etheneti hubeba mzigo wa hadi baiti 1,500 kwa fremu moja. Kiwango hicho ndicho kinachoitwa MTU. PPPoE inachukua baiti 8 kati ya hizo kwa ajili ya vichwa vyake: 6 zake na 2 za PPP. Zinabaki 1,492. Rudi kwa wapagazi wa Ujiji: mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, na frasila ni kama kilo 16. Ukiongeza sanduku na kamba, uzito wa sanduku unatoka kwenye uzito wa bidhaa. Mpagazi habebi zaidi kwa sababu wewe umebadilisha sanduku.

Tuseme sasa kompyuta ya zahanati inatuma pakiti za baiti 1,500, na mahali fulani njiani pana kipande cha 1,492. Ruta ya hapo inatakiwa kurudisha ujumbe wa ICMP unaosema: mzigo mkubwa, punguza. Utaratibu huo upo kwenye RFC 1191 ya mwaka 1990. Lakini mtu fulani, aliposikia kwamba ICMP inaweza kutumiwa na wadukuzi, alizuia ICMP yote kwenye ukuta wa moto. Ujumbe haurudi. Kompyuta inaendelea kutuma pakiti kubwa, zinatupwa kimyakimya.

Dalili zake zinachanganya kweli. Ping inajibu, kwa sababu pakiti ya ping ni ndogo. Google inafunguka. WhatsApp ya maandishi inaenda. Lakini ukijaza fomu ndefu na kubonyeza tuma, duara linazunguka mpaka unachoka. Muuguzi anayetakiwa kuingiza ripoti ya mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini, anajaribu mara tatu, anaacha, anaandika kwenye karatasi asubiri boti. Mtu wa TEHAMA akipigiwa simu anapingi, anaona majibu, anasema mtandao upo, labda ongezeni kifurushi. Wanaongeza. Duara linaendelea kuzunguka. Wanaambiwa tena: huko ni mbali.

Na wewe unaweza kulithibitisha hili kwa dakika moja. Kwenye Linux andika `ping -M do -s 1464` ikifuatiwa na anwani. Kwenye Windows ni `ping -f -l 1464`. Hizo 1,464 ukiongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1,492. Ikipita, lakini 1465 ikagoma, umempata mchawi wako. Tiba: kwenye ruta weka MTU ya 1,492, na uiambie ipunguze ukubwa wa sehemu za TCP hadi 1,452, kwa sababu vichwa vya IP na TCP vinachukua 40. Hakuna megabiti hata moja uliyonunua.

Nauliza: mhitimu wa zoezi letu la ruta mbili angeligundua hili? Zoezi limemfundisha kwamba alama tano za mshangao ni ushahidi kamili kwamba kiungo ni kizima. Hapa alama tano za mshangao ndizo zinazompoteza.

Upande wa utetezi

Najua yatakayosemwa, na mengine yana ukweli.

Wa kwanza atasema: kiungo cha siriali kimepitwa na wakati, na mtihani wenyewe wa CCNA ulibadilishwa Februari 2020, usanidi wa PPP ukatoka. Kweli. Ila notisi za zamani bado zinazunguka kwenye flashi na magrupu ya WhatsApp. Na hata pale zilipotupwa, zoezi limeondoka bila kuacha mrithi. Mwanafunzi wa leo anajifunza tabaka la pili ndani ya jengo, kwenye swichi na VLAN, kisha anaruka moja kwa moja kwenye mtandao mpana uliochorwa kama wingu. Kipande kilicho katikati, kile kinachovuka ghuba, kimekuwa wingu. Sioni kama hayo ni maendeleo.

Wa pili atasema: mwalimu ana wanafunzi mia mbili na maabara yenye kompyuta thelathini, asingeweza kuwapeleka Kibirizi na minara. Huyu namheshimu. Packet Tracer ni ya bure, inafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida, na imewafikisha watu wengi mahali ambapo vifaa halisi visingewafikisha. Simlaumu mwalimu. Nalilaumu zoezi, na zoezi linaweza kuandikwa upya bila shilingi ya ziada.

Wa tatu atasema: mambo ya kusubiri kwa mikrosekunde ni ya mtaalamu, siyo ya mwanzo. Hapa nakataa. Hesabu nzima niliyoifanya juu ni kugawanya umbali kwa kasi. Hiyo ni fizikia ya kidato cha pili. Kilicho kigumu kwa anayeanza ni kukariri amri ishirini zisizo na sababu.

Zoezi lingeweza kuwa hivi

Baki na ruta zako mbili. Upande mmoja weka PPP, mwingine uache kwenye HDLC. Usiseme ni kosa. Mwambie mwanafunzi aeleze, kwa Kiswahili chake, kwa nini waya ni mzima na mazungumzo hayapo. Kisha ndipo umruhusu arekebishe.

Halafu mpe ramani ya Kigoma na vipande vitatu: nyuzi za kioo za kilomita 1,250 hadi Dar, redio ya kilomita 16 kandokando ya ziwa, na laini ya PPPoE ya ofisini. Kwa kila kipande ajibu maswali matatu. Jibu linachukua muda gani kwenda na kurudi? Mzigo mkubwa kuliko wote ni baiti ngapi? Fremu ikipotea, nani anajua, na anajua baada ya muda gani? Baada ya hapo tu ndipo aguse kibodi.

La mwisho, chukua kompyuta tatu zenye Linux, ya katikati ikiwa ruta. Upande mmoja wa ruta hiyo punguza MTU hadi 1,400 kwa amri moja, na uzuie ujumbe wa ICMP unaosema mzigo ni mkubwa. Mwanafunzi apingi, ashangilie, kisha ajaribu kutuma faili. Likikwama, asitoke maabara mpaka ajue ni kwa nini. Anayelitatua hilo ataikumbuka MTU kuliko aliyekariri ufafanuzi wake kwa mtihani.

Kwenye zoezi hili hakuna teknolojia mpya. Tofauti yake na la zamani ni kwamba halikubali mwanafunzi aandike mpangilio bila kujua unajibu swali gani, na linamfanya asiiamini ping peke yake.

Kwa hiyo, kama wewe ni mwanafunzi na wiki hii umepewa ruta mbili na kebo nyekundu, fanya zoezi lako, chukua tiki yako. Kisha kabla hujafunga programu, ongeza swali moja ambalo karatasi haikuuliza: kama kati ya ruta hizi mbili lingekuwa ziwa, ni amri ipi kati ya hizi ingebidi ibadilike? Na kama wewe siyo mwanafunzi, ila uko Mwamgongo, Ujiji au popote ambapo fomu inagoma na WhatsApp inapita, fanya lile jaribio la 1,464 kabla ya kununua kifurushi kikubwa zaidi. Na matokeo mpelekee fundi wako yakiwa na namba. Ni vigumu kwake kukujibu "huko ni mbali" wakati umeshika namba mkononi.